Kiunzi

Lugembe anasema tuchukue kile kikubwa.
Kimekamilika, kina vitufe vya kila rangi,
kina menyu inayofunguka kama mlango wa benki,
kina safu kumi na mbili, zimepimwa na watu wasiolala.
Sisi tuko wawili, anasema, na kodi ni tarehe tano.

Tuko ghorofani Kirumba, juu ya duka la nyavu.
Chini wanapima matundu kwa rula:
milimita nane, dagaa; inchi sita, sangara.
Sijasikia mteja akiingia na kusema nipe wavu bora.
Husema anavua nini.

Wetu sisi anakausha dagaa Igombe.
Mama Nyangeta: chanja kumi na tisa, wanawake thelathini na mmoja,
na simu yenye ufa toka kona hadi kona
anayoitilia bando la mia tano kila Jumatatu.
Likiisha Jumatano, limeisha.

Jaribio la kwanza nilimpelekea ndani ya kile kikubwa.
Alikaa juu ya ndoo, akasubiri.
Duara likazunguka.
Kunguru akaiba, akafukuzwa, akarudi.
Ukurasa ukafika vipande vipande kama wageni wa harusi ya mbali,
kwanza kivuli, kisha vitufe, kisha jina lake,
na mwisho kabisa jedwali la bei
lililogoma kukunjwa.
DAGAA SAFI. GUNIA MOJA. SHILINGI
na tarakimu zote zikabaki nje, upande wa kulia,
huko ambako simu imekwisha.
Akaiinamisha. Taratibu, kama anayemimina uji,
labda zitateleza ziingie.

Nilirudi Mabatini kwa miguu.
Chumba chetu kina kuta tatu; ya nne ni jiwe.
Fundi Bugumba, alipokuja kujenga, hakuja na ramani.
Aliliegemea jiwe mchana mzima, akalipapasa,
akauliza maji ya mvua hupita wapi,
ndipo akaweka tofali la kwanza.
Jirani ana dirisha la pembetatu.
Juu yetu kuna choo chenye umbo la kiatu.
Mlima mzima hakuna nyumba mbili zinazofanana,
na moja tu imewahi kuporomoka,
sijui kwa nini.

Nikamwambia Lugembe: tuanzie kwenye kioo chenye ufa.
Safu moja, kitu chini ya kitu.
Kioo kikipanuka, ziwe mbili; kikipanuka tena, nne,
zijipange zenyewe bila kushikwa mkono.
Mistari kumi na minne, nimeiandika mwenyewe.

"Na mwakani ikiharibika, nani atausoma mwandiko wako?"

Swali zuri. Sikuwa na jibu, na sina hata leo.
Kile kikubwa kina maelfu wanaokijua.
Changu kinanijua mimi tu,
na mimi nina malaria kila Aprili.
"Nguo ya kuazima..." nikaanza.
"Malizia," akasema, "halafu ukaimalizie mbele ya mteja."
Tukacheka, hasira ikapungua, tofauti ikabaki palepale.
Hoteli ya Capri Point ataijenga yeye, kwa kiunzi chake,
na najua itapendeza.
Igombe nimeachiwa.

Jumamosi nikaenda tena.
Ukurasa ulifika kabla Mama Nyangeta hajapata ndoo ya kukalia.
Akashuka na kidole: jina, picha ya chanja, gunia,
na bei. Yote, mpaka sufuri ya mwisho,
imepita juu ya ufa bila kujikwaa.
Wenzake wakasogea, magamba yakimeta mikononi.
Wakaitazama kitambo kirefu.
Mimi nikawa natazama ziwa, nisionekane nangoja sifa.

"Hii," akasema,
"ni bei ya juzi."