Jiwe la Ndekirwa

Lipo hadi leo, Kibosho, chini kidogo ya kanisa,
pale mfereji unapokata kona kuingia migombani.
Jeusi, la mviringo upande mmoja; upande wa pili limebonyea
kama gunia la kahawa lililokaliwa na karani.

Kwenye vilabu vya mbege hulipima bila mizani.
Mangesho huanza na kilo mia mbili.
Akiongezewa kata, mia tatu na nusu.
Kila mwaka jiwe linanenepa, na halijala kitu
ila maneno yetu.

Mwaka wa mvua ile, wanasimulia,
mto Karanga ulishuka na mlima mdomoni,
ukalitema jiwe kwenye koo la mfereji.
Siku tisa maji hayakufika chini.
Magimbi yakajikunja, ng'ombe wakalamba madebe matupu.
Wakaja vijana wanane na mitaimbo:
mitaimbo ikapinda, matusi yakanyooka.

Ndipo akapita Ndekirwa, katoka kuuza ndizi, hajala.
Akavua koti, akampa mtoto amshikie,
akachuchumaa
kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka.

Hapo hadithi hugawanyika.
Wako wanaosema kiunoni. Wako wanaosema kifuani,
na kwamba alilibusu.
Katekista Kiwia huapa kwa mkono wa kulia
kuwa alilibeba begani mpaka sokoni Rau,
akauliza bei ya chumvi, akaona ghali,
akarudi nalo.

Padre Malaki, aliyetoka Ayalandi,
aliposikia hilo la chumvi alicheka hadi miwani ikalowa.
Alisema: kwetu pia liko, kando ya ukuta wa makaburi,
na yuko aliyelibeba. Yuko na mwingine
aliyeruka mto na ndama mabegani,
na mto huo, kila nikienda likizo,
naukuta umepanuka.
Kisha akakunja kanzu, akajaribu.
Jiwe halikutikisika. Kanzu ilipasuka.
Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa.

Bibi Aikande peke yake hakucheka.
Alikuwa akimenya ndizi, kisu hakitui.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamuuliza:
Bibi, babu alilifikisha wapi?

"Kiunoni," alisema. "Nilisikia likifika.
Mgongo wake ulilia kama ukuni mbichi
unaovunjwa gotini.
Halafu maji yakapita, watu wakashangilia,
wakayakimbilia maji.

"Yeye alilinyanyua mara moja.
Mimi nilimnyanyua yeye miaka kumi na minne:
kitandani hadi kigodani, kigodani hadi juani,
juani hadi ndani, mvua ikianza.
Na alikuwa mzito, usidanganyike.
Alipenda kulisimulia, nami nikamwacha alipandishe:
mwaka wa kwanza kiunoni, wa pili kifuani,
wa kumi akafika nalo Rau.
Mtu asiyeweza kwenda msalani peke yake,
unamnyimaje safari ya Rau?"

Akatia ndizi chunguni. Hakurudia tena.

Jana nimepita pale, viatu vya mjini miguuni.
Nimeingiza vidole chini ya jiwe:
baridi, ukoga, siafu wawili,
na maji yakijiendea zake bila kumkumbuka mtu.
Mangesho, sasa hana meno, akaniita toka kilabuni:
"Wewe mjukuu! Hebu tuambie, ni kilo ngapi?"

Nilifuta mikono kwenye suruali.
Nikasema: mia nne.