Buti: Hakuna

Daktari Nangumbi, kila mwaka kabla ya masika
ulipiga hodi ghalani kwangu, hapa Lindi,
na daftari lile lile lililovikwa kitenge.
"Mponji, klorini?" Ndoo arobaini.
"Dripu?" Katoni mia na sita.
"Buti?"
Nikacheka: buti za nani, mama, na jua lote hili?
Ukaandika: *buti, hakuna.*

Wenzako walifungua kliniki zao mjini.
Wewe ulibishana na madiwani juu ya vyoo,
ukachungulia visima vya Ng'apa kwa tochi,
ukapigia zahanati simu usiku wa manane:
pikipiki ina mafuta?
Wakakubandika jina, Bi Tahadhari.

Usiku Lukuledi ulipoingia vyumbani
nilitoa jozi thelathini, bado zikinuka mpira.
Kipindupindu kilifika Mnazi Mmoja
kikakuta maji yameshatiwa dawa, mahema yamesimama.
"Amefariki mmoja tu," ilisema redio.
Wewe hukusema *tu*.
Uliandika, ukurasa mzima, peke yake:
Nasri Ismaili Chinguile, miaka minne.

Leo wamekuaga kwa keki na saa ya ukutani.
Mshereheshaji, kipaza sauti mdomoni:
"Daktari, umeokoa wangapi?"
Ukanitazama mimi, mtunza ghala,
kana kwamba nami ningejua
kuwahesabu walioamka asubuhi ile
wakachemsha chai, wakagombana, wakaenda shamba.

Daftari umeniachia.
Mawingu yamekaa upande wa Mingoyo.
Nimefungua ghala, nimewasha taa.
Buti: jozi thelathini, zimeoshwa.
Moja imetoboka.