Pale Itakapowezekana

Maneno hayo niliyaandika mimi.
Saa nane za usiku, ghorofa ya nne, Al Khuwair,
kiyoyozi kinakoroma kama mgonjwa,
kampuni mbili zimenuna ng'ambo ya meza.
Kifungu cha thelathini na moja:
mwenye leseni atafikisha mawasiliano
kwa kila kijiji chenye watu zaidi ya mia mbili.
Wakasema milima ya Hajar haina huruma na mifuko.
Nikasema watu wake wanayo masikio.
Tukabishana hadi halua ikakauka sahanini,
ndipo kalamu yangu ikaongeza maneno mawili,
tukapeana mikono, tukaenda kulala.

Miaka kumi na moja nilikuwa serikalini.
Niligawa hewa. Usicheke:
masafa hupimwa kama shamba,
hapa mpaka wa jeshi, hapa wa redio, hapa wa teksi,
nami karani wa mipaka isiyoonekana,
namtoza faini aliyevuka hata kwa unywele.
Mama alipoulizwa na mashoga zake,
"Hivi Azza hasa kazi yake nini?"
alijibu kwa Kiswahili alichokuja nacho kutoka Unguja:
"Anauza upepo. Na wanununuzi wapo."

Kisha nikahama.
Taa mbili tu za barabarani,
kutoka faili za kahawia hadi vioo vya Qurum.
Mshahara mara tatu,
na kila dakika sita ya maisha yangu ikapata bei.

Mteja hataki kujenga mnara Hayl.
"Kanuni hii," akaniambia, "nani aijuaye kukushinda?"
Kweli. Naijua kama ufa wa nyumba yangu,
ufa niliouacha mwenyewe.

Shangazi Shinuna anaishi Hayl.
Akitaka kunipigia hupanda darini,
hushika tangi la maji kwa mkono mmoja,
husema mbiombio kama mzamiaji:
"Azza, mbuzi kazaa, goti bado, usisahau..."
Mlima ukala neno la mwisho.
Hadi leo sijui nisisahau nini.

Jumatano, mbele ya mdhibiti.
Upande wa pili ameketi Mundhir,
kijana niliyemfundisha kusoma nukta kabla ya sentensi.
Akayasoma maneno yangu polepole,
akaninyanyulia macho:
"Wakili, aliyeandika hapa alikusudia nini?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga.
Hawakusema kama huingia na ankara mkononi.

"Nia ya mwandishi," nikajibu, "si ushahidi."
Kisheria ni sahihi. Karani akaandika.
Nikanywa maji yaliyokwisha kupoteza ubaridi.
Mkobani simu ikatetemeka mara moja, ikakata.
Sikuitazama.
Huenda ilikuwa benki.