Kimo cha Mfuko

Hospitali ilituazima stendi ya magurudumu matano,
ndefu kama mgeni asiyejua kuketi.
Dari letu hapa Águeda ni la chini:
babu yake Graciete alijenga kwa kimo chake mwenyewe,
naye alikuwa mtu mfupi, tena bahili wa mawe.
Stendi ikagonga boriti. Ikarudi ilikotoka.

Usiku wa kwanza tuliutundika mfuko wa dripu
kwenye msumari wa picha ya harusi.
Picha tuliiegemeza sakafuni, nyuso zetu zikitazama ukuta.

Nesi Odília alipima kwa shubiri, kuanzia moyoni kwenda juu.
Ukikaa chini mno, alisema, damu itapanda bombani kuchungulia.
Ukikaa juu mno, dawa itamshukia kwa pupa.
Naye akiketi, hesabu inabadilika.
Akilala, inabadilika tena.
Msumari haujui kuketi wala kulala.

Mimi nimekata mabomba ya baiskeli miaka thelathini na moja,
kiwandani, kando ya mto, nusu ya masikio yangu nimeyaacha huko.
Nikashuka bandani.
Nikaifungua ile ya buluu, ya kwake,
aliyoendea sokoni mpaka goti lilipogoma.
Nikachomoa bomba la kiti: bomba ndani ya bomba,
na wenzo mdogo ubavuni.
Fungua, pandisha, bana.
Kumbe miaka yote ile nilikuwa napimia watu kimo cha makalio,
na sasa napimia maji.

Kishikio cha kwanza kiliteleza.
Saa tisa za usiku, kidogo kidogo, bila kelele,
kama mtu anayesinzia kanisani.
Alfajiri mfuko ulikuwa sawa na godoro,
na wekundu umekwisha ingia bombani.
Graciete hakusema neno. Alinitazama
jinsi anavyoutazama mkate uliokataa kuumuka.

Nikakata kipande cha mpira wa tairi,
nikakitia katikati ya chuma na chuma.
Cha pili hakikulegea ng'o.
Hata yeye alipotaka kilegee hakikulegea:
vidole vyake vilivyovimba viliusukuma wenzo,
vikasukuma tena, vikaacha.
Nilikuwa nimekitengeneza kwa mikono yangu,
kwa ajili ya mikono yangu.
Siku mbili sikushuka bandani.

Cha tatu nilikipa wenzo mrefu kama upawa,
nikauviringishia utepe mwekundu wa usukani.
Juu, kulabu mbili, maana kidole kimoja hakivunji chawa,
na chupa ya kioo ya Jumanne
haina adabu ya mfuko laini wa Ijumaa.
Chini, kibano kinachouma ubao wa kitanda,
kinauma kiti cha jikoni,
kinauma hata benchi la nje, penye mlimau.
Nikachonga mistari kwenye bomba,
na kando ya mistari sikuandika namba. Niliandika:
kulala. kuegemea. supu. dirishani.

Odília alikivuta, akakitikisa,
akakitundikia mkoba wake mzima, pamoja na viatu vya mvua vilivyokuwemo.
Kisha akaniuliza ninavyo vingapi.
Nikamwambia nyumba hii ilikuwa na baiskeli moja tu.

Wiki ile ile Senhor Adérito, wa mtaa wa juu, akaja akihema,
anaikokota baiskeli ya mwanawe aliyehamia Luksemburgi.
Akaiegemeza mlangoni.
Hataipanda tena, alisema, na sikumwuliza
ni nani kati yao wawili.

Picha imerudi msumarini. Imekaa upande kidogo.

Na jana, nikifuta vumbi kwenye bomba,
nimekuta mstari ambao sikuuchonga,
umekwaruzwa kwa pini, kati ya supu na dirishani.
Hauna jina.
Mfuko ulikuwa umening'inia hapo hapo, tone kwa tone,
na Graciete amefumba macho, wala halali.
Sijamwuliza ni kimo cha nini.
Nimeujaribu wenzo. Umekaza vizuri.