Matope ya Ziwani

Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo,
niko juu ya paa, ghorofa ya sita, Kangemi,
na beseni na brashi na viatu vya Musimbi
anavyovitaka kesho, vikiwa kama alivyoniazima.

Leo ni siku ya mgao. Maji yamefika kwa kikohozi,
mitungi imepanga foleni tangu usiku,
nami naiba nusu beseni, uso nimeuinamisha.

Matope haya hayatoki upesi.
Ya kwetu ni mekundu, hukushika kisha hukuachia;
haya ni meusi, yananata kama deni,
na yakilowa yananuka baridi.

Ijumaa tulikuwa wanne.
Oduya alikuwa amejifua miezi miwili
kwa ngazi za ofisini, ghorofa ishirini, tai shingoni.
Nkirote, mzaliwa wa chini ya mlima uleule,
hakuwahi kuupanda. Kwao mlima ulikuwa
kitu cha kutazama kabla ya kuanua nguo.

Tukapita mianzi, tukapita miti yenye ndevu,
kisha miti ikaisha bila kuaga
na tukawa sisi ndio warefu. Sisi na lobelia.

Nani aliwahi kuniambia habari za lobelia?
Kabichi iliyosoma, alisema Musimbi.
Usiku hujikunja majani kama ngumi,
asubuhi hujifungua, na ndani, kikombeni,
maji yenye utando wa barafu
mwembamba kuliko kioo cha saa.
Niliugusa kwa ukucha. Ukalia: ti.
Nikaikumbuka mitungi yetu, mifuniko iliyokazwa kwa mpira.
Hata mmea unajua: kinachokuja kwa zamu hufunikwa.

Na yale maua meupe, petali zake karatasi tupu,
yanayochakarika ukipita
kama mtu anayehesabu noti gizani;
na mekundu, wima, njiti za kiberiti zilizowashwa;
na ya manjano ambayo hakuna aliyeyajua jina,
hivyo Musimbi akayabatiza Jumamosi.

Ziwani Oduya akatapika.
Akasema si kitu. Akasema tena si kitu,
midomo imekuwa rangi ya majivu.
Kilele kilikuwa pale, karibu mno,
kama bidhaa ya rafu ya juu dukani.
Hatukupiga kura.
Musimbi alimvua mkoba, akaukalia.
Nkirote, aliyeiwekea safari hii akiba miaka mitatu,
alivua viatu, akavua soksi, akatia miguu majini,
akapiga ukelele kwa Kimeru, neno moja
ambalo hadi leo amekataa kututafsiria.
Mwangwi ukalirudisha mara mbili, bila haya.
Oduya ndiye aliyecheka kwanza.

Saa mbili nitakuwa kaunta,
na Bi. Wambete ataniuliza: mlifika kileleni?
Nitasema hapana, naye atasema pole,
na sitajua nianzie wapi kumrudishia pole yake.

Kwenye tundu la kamba nakuta petali,
moja, kavu vilevile.
Nanyoosha mgongo, nainua kichwa,
na kati ya matangi mawili ya plastiki
upo: mdogo, wa kijivu, jino lililomeguka.
Miaka minne naishi jengo hili.

"Unaangalia nini?" Mama Bonareri, vibanio mdomoni.
Namwonyesha kwa brashi.
"Ule? Januari huonekana.
Nikimaliza kuanika, nao huwa umejificha."
Anabana shuka ya mwisho. Haangalii mara ya pili.
"Hayo maji ukimaliza usimwage.
Leo ni zamu yangu ya kupiga deki ngazi."

Naitia petali mfukoni kwanza.
Kisha namsukumia beseni.