Nusu Inchi

Yadi ya Bugumba, Igogo, nyuma ya reli.
Kilo mia nane. Chuma hakina jina hapa,
mizani haiulizi kilitoka wapi.

Mimi nauliza.
Nalowesha kitambaa kwa dizeli, nasugua,
namba inaibuka kama chanjo ya ndui begani:
tatu, nane, tatu,
zilizobaki kutu imekula.
Spana ya kumi na tatu inacheza kwenye bolti.
Ya nusu inchi inakaa, kimya.
Basi wewe si Mjapani. Karibu, Mmarekani.

Kabureta ya midomo miwili, nyigu wamejenga ndani.
Taa ya nyuma, nyekundu, ndefu kama ulimi wa ng'ombe.
Na hii?
"Ya trekta," asema Bugumba, macho kwenye simu.
Trekta gani linalojipamba hivi!

Kitasa kilinishinda, siku tatu,
mpaka Ng'walu wa uji alipoweka ndoo chini,
akakishika, dole gumba likajua pa kubonyeza.
"Kilikwama kila masika," akasema.
"Shevroleti ya jineri, rangi ya maziwa yaliyochacha.
Tuliipanda mara moja tu,
tulipompeleka mama Bugando."
Hakusema walirudi na nini.
Akanipimia uji, akanirudishia chenji pungufu.

Dramu la breki, kumbe, lipo Kirumba,
limefungwa kamba, nanga ya mtumbwi wa dagaa.
Bado kazi yake kusimamisha.

Natia mfukoni kitambaa na kichupa cha dizeli,
naenda kuomba walivute juu kidogo,
nisome.