Pipa Moja

Nilimpelekea Nyamizi simu yangu, kibandani kwake Isevya,
nikamwambia: kivinjari hiki kina usahaulifu.
Nikitoka mizingani Sikonge,
siku nane, tisa, porini bila mtandao,
nafungua ukurasa wa kikundi na uzito wa ndoo za Kashindye haupo,
wa mama Kalunde haupo.
Niliuandika. Naapa niliuandika.

Akapangusa kioo kwa pindo la shati.
"Weka kingine."
Nikaweka cha bluu. Nikaweka cha chungwa.
Nikaweka na kile mpwa wangu anachokisifu kama timu ya mpira.
Nikaenda, nikarudi,
na vyote vikanitazama kwa jicho lile lile tupu.

Nyamizi akacheka hadi bisibisi ikamdondoka.
"Dada, wewe unaonja lebo."

Nikalikumbuka duka lile karibu na stesheni:
chupa saba, lebo saba,
nyuki wadogo, nyuki wakubwa, asali ya dawa,
na nyuma ya pazia pipa moja,
bomba moja,
kijana mmoja anajaza huku anapiga miayo.

"Mwenye simu ndiye mwenye pipa," akasema.
"Njoo na chupa yako, jina lako, nembo yako,
ila asali utachota hapa.
Ukija na yako, dukani kwake huingii."
Na kama yangu ni nzuri zaidi?
Akainua mabega, akaendelea kuchomea waya wa mtu mwingine.

Fuata nyuki ule asali, tuliambiwa.
Hatukuambiwa nyuki wa nani.

Nasikia ng'ambo wameweka sheria, pipa lisiwe moja.
Ng'ambo ile ya mbali, si hii Ng'ambo yetu ya hapa Tabora.
Hapa simu yangu inajua niko wapi,
na kwa hilo tu haisahau.

Nimenunua daftari, lile gumu la mistari.
Kashindye hajawahi kuniuliza natumia kivinjari gani;
huuliza kilo ngapi,
kisha hunyamaza, akisubiri.
Daftari halifuti kitu.
Lakini juzi nilishika kalamu kwa mkono wenye asali,
kurasa mbili zimegandana,
na humo katikati kuna ndoo kumi na mbili za mtu
ambazo naogopa kuzibandua.